Kumi na Saba ya Birika

Kuna wachoyo wa chakula, kuna wachoyo wa nguo, na kuna wale ambao ukiwaomba chumvi wanakuuliza kwanza ya kwako imekwenda wapi. Mwalimu wa fasihi ninayetaka kusimulia habari zake hakuwa mmoja wao. Nyumbani kwake mgeni hakuondoka na njaa, mwavuli wake ulishinda zaidi kwa majirani kuliko kwake, na mwalimu mwenzake akiugua, yeye ndiye aliyetangulia kufika na mfuko wa matunda. Uchoyo wake ulikuwa wa aina moja tu, nao ni wa alama. Kwa alama alikuwa mkono wa birika hasa, na wanafunzi, ambao hawana dogo, walilifupisha jambo hilo wakamwita Birika.

Jina hilo alilijua. Lilikuwa likinong'onwa nyuma yake kwa miaka thelathini na moja na halikumkera. Siku moja alimkuta mwanafunzi amechora birika lenye miwani nyuma ya daftari. Alichofanya ni kumwonyesha kwamba mkono na mdomo wa birika haviwi upande mmoja, kisha akaendelea na somo.

Insha kwake ilisahihishwa juu ya ishirini. Ishirini yenyewe hakuna aliyewahi kuiona, wala kumi na tisa. Kumi na nane ilitoka mara moja tu, kwa mwanafunzi, na Birika mwenyewe alisema siku ile alikuwa na homa. Basi shule nzima ilijifunza kuhesabu upya. Kumi na mbili ya Birika ilikuwa sawa na kumi na tano ya mwalimu mwingine. Kumi na tano yake mzazi aliipokea kwa furaha na kuwaambia majirani. Kumi na saba ilikuwa ya kubandikwa ukutani. Hata mwalimu mkuu, kila alipopelekewa orodha ya Birika, aliongeza tatu kichwani kabla ya kusema lolote, na mambo yakaenda vizuri bila mtu kumwambia mwenyewe kwamba duniani kuna hesabu mbili, yake na ya watu.

Uchoyo huo ulikuwa na asili yake. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alikariri shairi refu mbele ya shule, akasifiwa mpaka akasimamishwa juu ya kiti. Kesho yake walimtaka alirudie mbele ya wageni, na halikutoka hata neno. Alisimama pale kinywa wazi. Baba yake, fundi seremala aliyekuwa na maneno machache kuliko misumari yake, alimshika mkono wakarudi nyumbani, na njiani akamwambia kitu kimoja tu: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtoto akaibeba methali ile kama dawa, akainywa maisha yake yote, na alipopata watoto wa watu wa kuwafundisha, akawanywesha na wao.

Zaidi ya hapo alikuwa mtu aliyeridhika, na sijui wangapi tunaweza kusema hivyo. Alifika shuleni kabla ya kengele, akafungua madirisha mwenyewe, akafunga chaki yake kwa kipande cha gazeti ili isimchafue vidole. Chai yake ilikuja kwenye chupa, na aliwamiminia wenzake kabla ya kujimiminia. Mumewe alikuwa fundi saa mwenye kibanda cha kioo kando ya barabara. Jioni walirudi pamoja, yeye na daftari zake kwapani, mume na saa za watu mfukoni, wakibishana kuhusu nani kati yao anaharibu macho haraka zaidi. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa. Ulibaki muhula mmoja astaafu.

Kiti chake kingerithiwa na nani, hilo ndilo lililokuwa linasubiriwa. Wapo wengi waliokitaka kwa maneno, lakini aliyekifanyia kazi alikuwa mmoja: mwalimu wa kike wa mkataba, aliyeitwa Mwalimu Mdogo ingawa alimzidi Birika kimo kwa kichwa kizima. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Birika. Alirudi miaka miwili iliyopita akiwa na cheti chake, akapewa madarasa ambayo hakuna aliyeyataka, na mkataba uliokuwa unakwisha mwisho wa muhula ule ule. Akipata ajira ya kudumu angebaki na kukalia kiti kile, akiikosa angefungasha. Kilichotakiwa ni tathmini: mwalimu mkongwe aketi nyuma ya darasa, asikilize somo moja, ajaze fomu yenye vipengele vitano, kila kimoja alama nne. Jumla ishirini. Unaona tunakoelekea.

Somo lenyewe lilikuwa la riwaya ya zamani, tafsiri ya kitabu cha Kiingereza cha enzi za Malkia Viktoria, kurasa mia nne za ukungu, moshi na watu wanaovaa makoti hadi mezani. Humo kuna mzee bahili mwenye karakana ya mishumaa. Anauzia mji mzima mwanga, mwenyewe anakaa gizani. Nyumba yake ina vyumba kumi na kimoja na kumi vimefungwa kwa kufuli. Anakula peke yake kwenye ncha ya meza ya watu kumi na wawili, na mpishi wake hasemi naye: kuna kibao cha mawe mlangoni mwa jikoni, mzee anaandika kwa chaki, "Supu," na kesho yake, "Supu tena," basi. Birika alikuwa ameifundisha riwaya ile tangu Mwalimu Mdogo hajazaliwa. Maelezo yake kuhusu ubaridi na upweke wa mzee yalinakiliwa na dada wakubwa, yakarithiwa na wadogo zao, na kila mtu aliyajua: baridi ya nje, baridi ya nyumba, baridi ya moyo, hali ya hewa imechorwa kumfuata mhusika, kufuli ni upweke wa kujitakia. Yalikuwa maelezo mazuri. Hata mimi ningeyakariri.

Siku ya somo joto lilikuwa kali mpaka feni ilionekana inachoka. Birika alijipenyeza kwenye dawati la nyuma, magoti yakagusa ubao wa chini, fomu mbele yake, kalamu nyekundu mkononi. Mwalimu Mdogo aliandika yale mafundisho matatu ya baridi ubaoni, akayapitia kwa dakika tano, akasema haya mnayajua, mmerithi. Halafu akaweka chaki chini na kuuliza swali moja: ndani ya nyumba ile, nani alikuwa wa kwanza kuhisi baridi?

Darasa lilichangamka. Mmoja akasema ni mzee mwenyewe, utotoni, kwa sababu sura ya tatu inataja viatu vyake vyenye matundu. Mwalimu Mdogo akakubali, akamwuliza: je, aliyewahi kuumwa na baridi akaja kuwapa wengine baridi, tumhurumie au tumlaumu? Wakabishana. Mwingine akasema ni paka, maana sura ya tano paka amehama, na paka hahami nyumba yenye moto. Wakacheka, na hoja ya paka ikaandikwa ubaoni kwa haki yake. Kisha msichana wa dirishani, ambaye kwa kawaida husema mara mbili kwa muhula, akasimama. Alisema ni mpishi. Kwa miaka kumi na tisa mpishi anapeleka sahani imejaa, inarudi tupu. Sahani tupu haimwambii mtu kitu, alisema. Huenda mzee alikula kwa njaa tu. Mpishi amezeeka hajui kama supu yake ni nzuri au mbaya.

Mwalimu Mdogo alikiinua kitabu chake. Akawataka wafungue sura ya kumi na mbili, mahali mzee anaumwa, daktari amemkataza kushuka ngazi, naye anashuka akijishikilia ukutani kwa sababu ni saa ya supu. Mmoja akasoma kwa sauti. Basi aliipenda, Mwalimu Mdogo alisema. Aliipenda kuliko kitu chochote katika nyumba ile. Kama ni hivyo, kosa lake ni nini?

"Hakusema," darasa likajibu, karibu wote pamoja.

Akawauliza upweke pale ni wa nani. Wa wote wawili, walisema, ila mmoja ana ufunguo mfukoni na mwenzake hajui hata mlango uko wapi. Alikuwa anaanza kuwaonyesha jinsi mwandishi alivyotumia kibao kile cha mawe, maneno yanayofutwa kila siku, kengele ikalia. Akalazimika kukimbiza mwisho wa somo na kugawa zoezi watu wameshasimama.

Birika pale nyuma alikuwa amependezwa sana. Kwenye daftari lake aliandika: "Hoja ya supu. Nzuri." Haikumpitia akilini kwamba hoja hiyo inaweza kuwa na nyumba nyingine ya kuishi zaidi ya kitabu. Alijaza fomu pale pale, kipengele kwa kipengele. Alipunguza moja kwa sababu mwisho ulikimbizwa, moja kwa sababu zoezi halikufafanuliwa, na moja kwa sababu, basi tu, kwa sababu lazima ipungue. Jumla kumi na saba. Akampa Mwalimu Mdogo asome na kutia saini, akamwambia, "Si mbaya." Yule akaipokea kwa mikono miwili, akaangalia jumla, akaangalia tena. Karani wa shule aliyekuwa akipita aliapa baadaye kwamba alimwona ameingia stoo ya vitabu, akafunga mlango, na humo ndani kulikuwa na vishindo vya mtu anayerukaruka. Kumi na saba ya Birika!

Sasa kosa liko hapa. Miaka yote fomu kama hizo zilikuwa zinasomwa na mwalimu mkuu, mtu anayejua kuongeza tatu. Mwaka huo utaratibu ulibadilika: fomu ziende moja kwa moja ofisi ya elimu, na huko mwenye chini ya kumi na nane asifikishwe mbele ya kamati. Waraka ulibandikwa ubaoni chumba cha walimu, chini ya ratiba ya mpira. Mkuu alidhani kila mtu ameusoma. Mwalimu Mdogo aliusoma siku mbili baada ya bahasha ya fomu kuondoka. Na Birika hakuwa msomaji wa nyaraka. Alisema zimeandikwa vibaya.

Alhamisi Birika alimkuta Mwalimu Mdogo anarudisha vitabu vya darasa maktaba, vimepangwa, vimefutwa vumbi, kila kimoja na namba yake. Muhula ulikuwa bado na wiki tano. Alimwuliza kulikoni. Yule akasema anapanga tu, Mwalimu, asije akasahau. Alisema kwa heshima na kwa tabasamu, na tabasamu lile halikumkaa Birika vizuri. Akaenda kwa karani.

Karani naye alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, wa alama kumi na nne, na tangu siku hiyo hajawahi kukosa usingizi kwa ajili ya fasihi. Alisogeza mashine yake ya kuchapa pembeni akamweleza yote: waraka, kumi na nane, kamati inakaa Jumatatu. Birika akauliza kwa nini binti hakuja kwake kusema. Karani akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Aje kwako kuomba alama?" akasema. "Mwalimu, nani amewahi?"

Jioni ile alimsimulia mumewe wakinywa chai. Alitegemea amwambie ofisi ina makosa. Fundi saa alicheka, akafuta macho, akamkumbusha lile kabati alilomtengenezea mwaka wa kwanza wa ndoa, kazi ya miezi minne, milango ya kuchonga. Alipomfungulia macho alione, Birika alisema, "Limesimama."

"Si lilisimama?" Birika akasema.

"Lilisimama. Nami nimekuzoea, mke wangu. Nikisikia 'si mbaya' najua nimepata. Lakini huko ofisini hawajalala na wewe nyumba moja miaka thelathini."

Birika aliweka kikombe chini. Alikuwa anamwona msichana wa dirishani, amesimama, anasema sahani tupu haimwambii mtu kitu. Alikuwa ameiandika hoja ile kwa mkono wake mwenyewe na kuiita nzuri. Aliona aibu, aibu hasa, ile inayopanda shingoni mpaka masikioni, akasema anakwenda kuangalia kama madirisha yamefungwa. Yalikuwa yamefungwa.

Ijumaa, baada ya kipindi cha pili, alivaa viatu vyake vya sherehe akaenda ofisi ya elimu. Alisubiri kwenye benchi refu katikati ya watu wenye mafaili, akaitwa. Afisa alikuwa kijana mnene mpole mwenye mihuri sita kwenye kisanduku. Akaitoa fomu, akamwambia Birika kwa upole kwamba alama zikishaandikwa zimeandikwa. Kuzibadilisha ni kughushi.

"Kubadilisha sitaki," Birika akasema. "Ni kumi na saba kweli. Mwisho aliukimbiza."

Afisa akaweka kalamu chini. "Sasa mama, umekuja kufanya nini?"

Lilikuwa swali zuri na Birika alilitambua hivyo. Akamweleza kwamba kumi na saba ile haina maana wanayoidhani. Ilichukua muda, kwa sababu hajawahi kueleza, na katikati ya maelezo alisikia mwenyewe jinsi lilivyo jambo la ajabu, mtu mzima kuwa na hesabu zake kama nchi yenye sarafu yake. Afisa akasikiliza. Kisha akaigeuza fomu. Nyuma kulikuwa na ukurasa mzima wenye mistari, Maelezo ya Mtathmini, ambao, kwa alivyosema, hakuna anayeujaza, maana walimu wamechoka. Fomu yenye maelezo hufika kwa kamati hata kama alama zimepungua, ndivyo sheria ilivyo. Ila maelezo hayo lazima asomewe mwenyewe anayetathminiwa, kwa sauti, na aliyeandika, mbele ya mkuu wa shule, na yeye atie saini kwamba ameyasikia. Bila saini hiyo hayana kazi. Akampa fomu na bahasha, akamwambia gari la ofisi lingepita shuleni saa tisa kukusanya barua.

Birika akaketi tena kwenye benchi, fomu juu ya pochi, akaandika. Akarudi mezani kwa afisa kumwuliza kama panatosha. Afisa akasoma: "Anajitahidi na anafaa."

"Mama," akasema, "hii umeandika, au ulikuwa unajaribu kalamu?"

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Birika alirudishiwa kazi. Alitaka kukasirika, lakini alicheka, mpaka watu wa mafaili wakageuka. Akarudi benchini. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Alifikiria methali ya baba yake, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na akajiuliza jambo ambalo hakuwahi kujiuliza tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili: na yule asiyesifiwa kabisa, atajuaje kama watu wanakunywa? Halafu akainama akaandika, na mkono haukusimama mpaka mistari ilipokwisha.

Nisiwaweke roho juu bure. Kamati ilikaa Jumatatu, ikasoma ukurasa ule, na Mwalimu Mdogo akapata ajira. Barua yake ilikuja na mihuri yote sita. Lakini hayo ni ya Jumatatu, na ninayotaka kuyasema ni ya Ijumaa, saa nane na nusu, ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mkuu alikaa mezani. Karani alikuwa amekumbuka ghafla kwamba kabati la mafaili, lililo ndani ya ofisi ile ile, linahitaji kupangwa. Mwalimu Mdogo aliitwa akaja na vumbi la chaki mikononi, akaambiwa akae, akakaa kwenye ukingo wa kiti, kwa sura ya mtu anayeletewa habari aliyokwisha kuijua. Mkuu akaeleza utaratibu. Birika akasimama, ingawa hakuna aliyemtaka asimame. Akaishika karatasi kwa mikono miwili. Akasoma.

"Kwa wajumbe wa kamati. Alama kumi na saba nilizompa mwalimu huyu ndizo kubwa kuliko zote nilizowahi kumpa mwalimu yeyote. Naomba zisomwe hivyo. Alipokuwa mwanafunzi wangu alinipa insha nikaiandikia kumi na sita. Nimeisoma insha hiyo mbele ya madarasa matatu yaliyomfuata, kama mfano. Yeye sikumwambia.

"Katika somo nililolisikiliza aliuliza swali ambalo mimi sikuliuliza katika miaka thelathini na moja ya kukifundisha kitabu hicho. Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi jinsi bahili alivyo baridi. Yeye aliwaonyesha nani anayekaa kwenye baridi hiyo. Nilikwenda kumpima, nikajifunza.

"Darasa langu na lake yametenganishwa na ukuta mwembamba. Mwaka huu, zaidi ya mara moja, nimewaambia wanafunzi wangu wasome kimya, nikasogeza kiti karibu na ukuta ili nimsikie. Sikuwa nakagua. Nilikuwa nafurahi. Mwisho wa somo nililolipima aliukimbiza kwa sababu ya kengele, na hilo litamtoka kwa mazoezi. Mengine yote aliyo nayo hayafundishwi. Ningetaka watoto wa watoto wangu wafundishwe na yeye."

Alimaliza. Kabati la mafaili lilikuwa limeacha kupangwa. Nje gari la ofisi ya elimu lilipiga honi mara moja, likazima injini.

Mkuu akakohoa, akasukuma fomu mbele ya Mwalimu Mdogo, akaweka kalamu juu yake, akamwonyesha mstari: nimesomewa na nimesikia. Mwalimu Mdogo hakuichukua kalamu. Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi na alikuwa akiyafuta kwa mkono wa chaki, kwa hiyo shavu moja lilikuwa jeupe.

"Siwezi kutia saini bado, Mwalimu," akamwambia Birika. "Nimesikia mpaka pale pa ukuta. Baada ya hapo sikusikia."

Mkuu akatazama dirishani, lilipo gari. Akasema maneno yenyewe yapo hapo, anaweza kuyasoma mwenyewe kwa dakika moja.

"Inasema nisomewe," Mwalimu Mdogo akasema. Akamgeukia Birika. "Nisomee tena, Mama."

Birika akaichukua karatasi. Akarudi hadi juu kabisa, kwa wajumbe wa kamati, akaanza upya, polepole, bila kuruka neno, na alipofika pale pa ukuta aliishusha karatasi, maana hakuihitaji tena, akamtazama binti usoni na kummalizia yote yaliyobaki.